Kanga Nyekundu Juu ya Jiwe

Ng'ambo ya Kamanga, Sengerema
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa mjukuu wangu Revocatus,

Hujambo huko Arusha? Kifua kimeachia, au baridi ya huko bado inakukohoza? Sisi wazima. Goti langu linauma likitaka, linaacha likitaka. Yule kuku mwekundu kaangua tisa, mwewe kabeba wawili. Precious ndiye anaandika, mimi nasema, na nimemwambia asilainishe hata neno moja.

Leo sikuiti mume wangu. Umenichefua, Revo. Hata ugali haushuki nikikukumbuka.

Hivi sheria za mlima si wewe uliyezileta? Ulikaa hapa uani na mwenyekiti na wazee, ukanywa uji wangu vikombe vitatu, ukasema wanaoruka na parachuti toka mlimani wapige hodi kwa mwenyekiti kwanza. Wasitue kwenye mpunga wa watu. Na siku ya msiba hakuna kuruka, alama ni kanga yangu nyekundu juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, maana ukiwa kileleni unaiona. Miaka mitatu napanda jiwe na goti hili! Hakuna aliyevunja. Hata yule mama Mjerumani mwenye nywele kama katani, aliiona kanga akakaa kileleni akala ndizi zake, akashuka kwa miguu.

Sasa wewe. Jumanne umevuka na pantoni asubuhi, hodi hukupiga, nyumbani hukupita. Sisi tunamzika Mzee Mayala, kanga iko juu ya jiwe. Jeneza liko kwenye kamba, katekista anasoma, mara kivuli kinapita juu ya kaburi. Nainua macho, naona soli za viatu vyako. Halafu unapiga kelele huko juu, "Bibi, shikamooo!"

Watu wote wakanigeukia mimi. Walioshika kamba wakalegeza upande mmoja, jeneza likaenda kichwa chini. Mjane wake, Getruda, akakaa chini akajifunika uso. Mayala huyo huyo, Revo! Aliyekuvusha ziwa kwa mtumbwi wake ulipopata degedege, mimi nimekupakata, mvua inatupiga. Na wewe ukaenda kutua kwenye majaruba yake, mpunga umeiva.

Halafu unamtumia Precious ujumbe, eti ulidhani Bibi amefua. Nafulia juu ya jiwe mimi? Na simu yangu hupokei. Mtu mzima, ndevu hizo, anamkimbia bibi yake. Ptuu!

Mwenyekiti kaufunga mlima. Jana Obedi, anayerusha wageni na parachuti, anayepiga hodi hata akija kuangalia upepo tu, kazuiwa huku chini, yeye na wageni wake wawili. Watoto wake wanakula kwa mlima huo. Hakukutukana, na hilo ndilo linanichoma zaidi. Anakuja huko kwa dada yake, ndiye kabeba barua hii. Mpe chai, umtazame usoni.

Mkutano ni Alhamisi ya wiki ijayo. Getruda kasema ukija mwenyewe, ukaomba radhi mbele yake kwa mdomo wako, yeye hana neno, mlima ufunguliwe. Usipokuja wataniuliza mimi mwenye kanga, nami nitanyoosha mkono ufungwe moja kwa moja. Sipandi jiwe tena kumwekea alama mtu mwenye macho asiyetaka kuona.

Msalimie mkeo Faith. Kitukuu changu mwambie nimemwekea kifaranga mmoja, mwewe akipenda. Huku Precious anakusalimu, na mjomba wako Chenge anakusalimu lakini kanuna. Mungu akushike mkono barabarani, akupe na aibu kidogo.

Ile shikamoo yako sijaiitikia. Ninayo hapa. Siku utakayosimama mbele ya Getruda, nyayo zako zikiwa kwenye udongo, ndipo utasikia marahaba.

Ni mimi Bibi yako, ninayekupenda hata leo ninapokuonea kinyaa,

Teodora