Unga wa Vichwa vya Nguru

Mdogo wangu Rukia,

Salamu zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani. Nauliza goti lako, kama bado linakusumbua ukipanda ngazi, na kama paa la jikoni limeshaezekwa. Mimi sitakudanganya kwamba sijambo. Miguu imevimba, pumzi inakatika nikitoka kitandani kwenda dirishani, na daktari wa hapa kisiwani Nosy Be ameacha kunipa siku ya kurudi kwake. Kiswahili changu kimechakaa kwa kukosa wa kusema naye, nivumilie. Nina hasira, na sitaki izikwe nami.

Wiki iliyopita alikuja binti wa maabara ya kiwanda cha samaki na pakiti mkononi. Unga wa vichwa na mifupa ya samaki, wa kutiwa katika uji wa watoto. Akaniambia kwa Kifaransa, kwa adabu nyingi, kwamba wamekuta ripoti zangu za zamani na wanataka jina langu lichapwe kwenye pakiti kama mwanzilishi. Nilimfukuza. Maskini, hata chai hakumaliza.

Mwanzilishi ni Zaina. Ndiyo, huyo huyo muuza uji wa nyuma ya msikiti wenu, ambaye mtaa mzima haunywi uji wake.

Nilipokuwa mkemia wa kiwanda cha samaki kule bandarini Mahajanga, yeye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kupasua nguru. Minofu ilikwenda ng'ambo. Vichwa na mifupa ya mgongo vilitupwa. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni ya mchele, na Zaina hakustahimili kuona vikitupwa. Alivichemsha na ukwaju mpaka mfupa ukavunjika kwa vidole viwili, akasuuza, akaanika juu ya chanja, akatwanga na kuchekecha. Kijiko kimoja katika sosoa, uji wa mchele wa huku, na watoto wa wenzake walinenepa. Mkurugenzi alipoona, akanipa mimi kazi ya kuandika ripoti za unga huo. Nikaandika kurasa nyingi. Jina la Zaina halimo hata katika moja.

Alikuwa na sharti. Kila chungu, kabla ya kuanikwa, alitia chembe ulimini akangoja. Ikiwasha kama pilipili, chungu kizima kilimwagwa.

Siku moja mtambo wa barafu uliharibika, na samaki wakalala bila barafu. Asubuhi Zaina alichemsha vichwa vyao, akaonja, akatema.

"Dokta, inawasha. Mwaga."

"Pilipili ya nani hiyo?" nikamuuliza. Alipenda kuniita Dokta kwa ajili ya koti jeupe.

"Ya samaki aliyekosa barafu. Onja mwenyewe."

"Tutachemsha mara ya pili. Kilichochemka hakina mdudu."

"Sikusema mdudu. Nimesema inawasha."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Dokta ana karatasi, ulimi hana." Nilichukia, Rukia. Kicheko kile ndicho kilichonifanya nichemshe tena, niagize vichwa vianikwe vitwangwe, kisha nitie sahihi. Unga ukapelekwa kwa watoto wa shule kule Belobaka.

Walipokunywa uji, nyuso zikawa nyekundu, vichwa vikawauma, wakatapika. Msichana mmoja alilazwa. Hakufa mtu, na hilo si utetezi wangu. Mkurugenzi alitaka sababu siku hiyo hiyo, nami nikaandika: mikono michafu ya mfanyakazi. Zaina aliitwa, akasomewa maneno hayo mbele ya wenzake. Alinitazama mimi, si aliyesoma. Akasema, "Mikono yangu unaijua, Dokta." Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza yangu.

Baada ya hapo ikakatazwa mtu kuchukua hata kichwa kimoja. Vyote vikawa vinamwagwa ghubani, na nikivuka kwa boti kwenda Katsepy nilipita katikati ya chakula cha watoto kikielea.

Sasa lililo baya zaidi. Majuma machache baadaye, katika kitabu kilichokuwa siku zote kabatini mwangu, nilisoma kwamba samaki wa jamii ya nguru akikosa barafu hutengeneza sumu ndani ya nyama yake, inayowasha ulimi, na moto hauiondoi. Zaina alikuwa bado mjini, anaombaomba kazi. Ningeweza kwenda kwake kwa miguu. Nilifunga kitabu. Na uliponiandikia kuwa amerudi Unguja kwa watu wa mamake na kuanza kuuza uji, nikakujibu: huyo alilisha watoto sumu. Uliisoma barua ile barazani, ukaniandikia kwa fahari kwamba watu wote wamejua. Nakukasirikia kwa fahari ile. Hukuuliza hata neno. Lakini aliyeandika ni mimi.

Jana binti yule alirudi, jasiri kuliko nilivyodhani. Nikamtaka anieleze wanavyofanya kazi. Barafu tangu samaki anapotoka majini, akasema, na yupo mtu wa kuonja kila chungu. "Tulifundishwa na mtaalamu kutoka ng'ambo, Mzee." Nikamwambia aandike jina la Zaina au asiandike la mtu. Amesema atauliza. Watauliza mpaka nife.

Kwa hiyo kazi ni yako. Isome barua hii barazani pale pale uliposoma ile, kwa sauti ile ile, usiruke mstari kwa kunionea haya. Kisha nenda nyuma ya msikiti, uwe wa kwanza kununua uji, unywe umesimama hapo watu wakikuona.

Msalimie shemeji yangu mumeo, na mpwa wangu Hamadi na mkewe, na shangazi yetu kama bado anasikia akisemeshwa. Waambie wasinisifu msibani.

Pakiti aliyoniachia binti yule ninayo hapa. Asubuhi nimetia chembe ulimini, nikangoja kama Zaina alivyokuwa akingoja. Haiwashi. Ni unga wake, vile vile.

Zaina usimpe salamu zangu, hana haja nazo. Ukimaliza kuisoma barua hii, mpe yeye aiweke.

Kaka yako,
Seif