Mawe Mliyoyafunika kwa Miiba

Lodwar, Jumatatu

Mama Kioko mpenzi,

Nakusalimu wewe, watoto na mama yangu. Kikohozi chake kimetulia, au bado anakataa dawa ya hospitali? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Jua la hapa linatuchoma tangu asubuhi, na fundi wetu hajui kupumzika. Bado tunajenga ile wodi ya akina mama wanaojifungua.

Jumapili ulinikatia simu, ndiyo sababu naandika. Barua huwezi kuikata katikati.

Unakumbuka ile fomu ya kikundi chenu niliyowatumia kwa dereva wa lori? Niliiomba kwa madam wa wakfu unaolipia mjengo huu. Ni wakfu wa zamani. Mwenye mali alikufa kitambo, na mali yenyewe haiguswi. Kinachogawiwa vikundi ni faida tu. Madam alinieleza kwa mfano wa mbuzi: mama hachinjwi, watu wanakunywa maziwa. Nikasema basi, hayo maziwa yafike na kwetu Mutomo, tupate saruji ya bwawa la mchanga, ule ukuta wa kuzuia maji mtoni, wewe na mama muache kufukua mto asubuhi nzima kwa ndoo moja ya maji.

Ijumaa madam akaja kukagua kazi. Mimi niko juu ya ngazi na karai ya zege.

"Mzee, si wewe uliomba fomu ya Mutomo?"

"Ni mimi, madam."

"Watu wenu tumewakataa."

Nikashuka. Akasema watu wa wakfu walifika huko wakawakuta mmeketi chini, leso zimeraruka, mmeshika tama. Wakauliza mmeshafanya nini. Mwenyekiti akajibu, "Hatuna chochote, tunawangoja nyinyi tu."

"Sisi hatuanzishi, tunaongezea," madam akaniambia. "Hata hapa, kina mama walikuwa wameleta kokoto kwa punda kabla hatujatoa shilingi. Lakini nyinyi, hata jiwe moja!"

Mama Kioko, nilitaka kulia. Hata jiwe! Na yale ya mwethya, kazi yetu ya pamoja, je? Msimu mzima, kila Jumatano kila nyumba ikitoa mtu, mkibeba mawe mgongoni, kamba ikiwakata paji la uso, mpaka kando ya mto. Ndipo nikakupigia Ijumaa hiyo hiyo, nawe ukaniambia kwa sauti ndogo kwamba mjomba wako, huyo mwenyekiti, aliamuru mawe yafunikwe kwa matawi ya miiba na mbuzi wavushwe ng'ambo, ili muonekane maskini sawasawa.

Sitajifanya mtakatifu. Chakula cha msaada kikija, mwenye mbuzi huachwa, na mimi pia nimewahi kuwapeleka wangu kwa shemeji wakae huko mpaka orodha iishe kuandikwa. Lakini hawa si watu wa kugawa mahindi! Swali lilikuwa kwenye fomu, ukurasa wa kwanza: kikundi kimechangia nini? Mimi niliyeachia darasa la sita nilisoma nikaelewa. Mjomba wako, aliyekuwa karani, akaandika "hakuna". Nanyi nyote mkanyamaza kwa heshima.

Nilimrudia madam kabla hajaondoka, nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka.

"Aliyenificha mawe jana, kesho nikimpa saruji si ataificha pia?"

Nikamsihi atupe nafasi nyingine. Mwishowe akasema wanakikundi wenyewe waandike barua, waeleze walichofanya na kwa nini walificha, itiwe sahihi na muhuri, ifike kabla bodi haijakaa mwisho wa mwezi huu. Ikichelewa, ruzuku inaenda kwa wengine.

Mwandishi wa kikundi ni wewe. Muhuri uko kwako kabatini. Jumapili uliniambia huwezi kumwaibisha mjomba aliyekulea, nami nikakuuliza mama atafukua mto mpaka lini, ndipo ukakata. Sawa, ni mjomba. Lakini yeye ana punda na mtu wa kumchotea maji. Usimtaje kwamba ndiye aliyeamuru. Andika "tulificha", maana kweli mlificha wote. Kisha mtoe hiyo miiba, uwasomee kina mama hapo hapo kando ya mawe, watie sahihi. Wote wakishatia, naye atatia. Namjua, hapendi kubaki peke yake.

Nisalimie mama, na dada yako aliyeolewa Kathonzweni akija kuwatembelea. Msalimie mchungaji, mwambie atuombee, ila asiwaambie watu wangoje muujiza. Mjomba naye umsalimie kwa heshima zote, hata kama leo nikimfikiria meno yananiuma.

Kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Madam aliponiuliza kama hiyo barua itaandikwa kweli, nilijibu, "Mke wangu ataandika." Sikukuuliza kwanza. Hilo ni kosa langu, na una haki ya kunikasirikia upendavyo. Lakini andika kwanza, ndipo ukasirike.

Mumeo, mwenye mgongo mbovu,
Baba Kioko