Pembe ya Chumvi

Kibondo, 8 Septemba 2013

Mdogo wangu Tunu,

Bwana asifiwe, na kwa huko kwenu salaam aleikum, yote natoa kwa moyo mmoja. Shemeji Isihaka hajambo? Mama huko Heru Juu mnamfikia? Sisi hapa tunasubiri mvua tupande maharage. Mwili ni mzima, ila bega.

Haya ninayoandika siyawezi kwenye simu. Ukuta wangu na wa mwalimu Ghati ni mmoja, na nikiongea na simu napiga kelele kama niko shambani.

Bega la kulia limekamata, Tunu. Kufunga kitenge ni kazi, kusuka nywele ndiyo usiseme. Kubwa zaidi ni ngoma. Unajua tangu niokoke ngoma ya kwaya ni yangu. Sasa anapiga mzee Tharsisi, mzee wa kanisa, anapiga kama mtu anayetwanga muhogo mbichi. Watu wanacheka katikati ya sifa. Mimi nakaa na akina mama, mikono mapajani, nalia bila machozi.

Ulisema hapo kwenye kliniki unapofanya kazi wanatibu kwa dawa za Kichina, na sindano zisizo na dawa ndani. Sindano isiyo na dawa inaponya na nini? Nisije nikaingia mahali ambapo Bwana hayupo. Niambie kweli.

Dada yako,
Esteria

Kasulu, 25 Septemba 2013

Dada Esteria,

Shikamoo. Sisi wazima, Isihaka anakusalimu. Mama hajambo, macho ndiyo yanapungua, lakini kuni bado anajisogezea mwenyewe na ukimsaidia anakasirika.

Dada, mimi hapa napokea wagonjwa na kufua mashuka, siwezi kukufundisha. Nakwambia nilichoona. Daktari Careen alisomea Uchina. Sindano zake nyembamba kama unywele, anachoma, anaziacha, mtu anasinzia. Kuna majani anayachoma karibu na ngozi, yananukia kama shamba likifyekwa. Kuna maji ya moto ya miguu yenye tangawizi. Hirizi sijaona, na kuku hajaletwa.

Halafu kuna vikombe vya kioo. Anapitisha moto ndani, anavibandika mgongoni, nyama inavutwa juu. Siku ya kwanza nilipoona nilicheka peke yangu. Nikasema, hii si kazi ya Mama? Unakumbuka Mama akiumika watu: anabandika pembe mgongoni, anavuta hewa kwa mdomo kwenye kitundu, halafu anaziba kwa nta aliyokuwa ameiweka shavuni. Tofauti ni kwamba huyu ana koti jeupe na feni.

Najua kwa nini unaogopa. Njoo tu. Mimi sina Meza ya Bwana ya kuondolewa, nitakushika mkono.

Mdogo wako,
Tunu

Kibondo, 15 Desemba 2013

Tunu wangu,

Salaam nyingi. Natumaini mko salama na mvua haijabomoa choo tena. Asante kwa kunilaza siku zile, na kwa ile chai ya mchaichai. Daktari Careen nilimpenda. Kabla hajanigusa alinituma hospitali nikapime sukari na presha, akasema bega la namna hii wakati mwingine linaanzia huko. Mganga gani anamtuma mtu hospitali? Ndipo moyo ukatulia. Sukari sina, presha ipo kidogo, chumvi nimepunguza. Vidole navipandisha ukutani asubuhi kama alivyonionyesha, na vimepita dirisha.

Sasa sikia yaliyonikuta. Jumapili iliyofuata tulikuwa na ubatizo mtoni. Kazi yangu ni kuwapokea akina mama wakitoka majini na kuwafunga kanga. Nikaloa mpaka shingoni. Nikaenda nyuma ya kitenge kubadilisha blauzi, Ghati akanishikia pembe ya kitenge. Akauona mgongo wangu. Ghati hanyamazi, unamjua. Akasema, "Dada Esteria, nani amekugonga mihuri? Mgongo kama barua ya serikali."

Nilikuwa nimesahau zile alama za vikombe, Tunu. Nyekundu za mviringo, zimejipanga. Nikaeleza, lakini wengine walikuwa wameshachungulia, na huku kwetu alama hizo kila mtu anazijua ni za nini. Jioni Ghati akaja kwangu analia. Kasema, "Mimi ndiye nimemwambia mchungaji. Niliogopa kwa ajili yako, wala sikutaka kukusema." Tukalia wote, nikampikia uji.

Mchungaji Nicodemus hakunifokea. Alisema nisimame mbele ya kanisa, nikiri kwamba nilikwenda kwa mganga, wataniombea na siku hiyohiyo nitarudi Mezani na kwenye ngoma. Mpaka hapo nikae benchi la nyuma.

Benchi la nyuma, Tunu. Tangu tukiwa wasichana Mama anakaa benchi kama hilo kwenye kanisa letu la Heru Juu, kwa sababu wazee wa kanisa wa wakati ule walisema anaongea na mizimu ndani ya pembe. Walizichoma pembe zake uwanjani tukiona. Na hakuacha kanisa. Kila Jumapili ya Meza anainuka mkate kabla haujafika, anatoka taratibu kama mtu aliyesahau sufuria motoni.

Nikikiri mimi, nimemhukumu na yeye. Nisipokiri, Krismasi hii sitashiriki. Msomee Mama barua hii. Nifanye nini?

Dada yako,
Esteria

Kasulu, 19 Januari 2014

Dada,

Shikamoo, na pole. Nimechelewa kwa sababu Mama alikataa kujibu. Nilimsomea, akaendelea kuchambua maharage. Wiki iliyofuata nikamsomea tena. Akasema, "Mwambie akiri, arudi kwenye ngoma yake. Mimi benchi lile nimelizoea, limeshika umbo langu."

Nikamwambia, Mama, lakini haikuwa kweli. Akasema, "Wewe umeolewa Uislamuni, haya hayakuhusu." Halafu akacheka, ujue hakukasirika.

Wakati naaga akaniomba chumvi kwenye mboga yake. Nikaifuata jikoni. Dada, anaiweka kwenye pembe. Moja ilibaki. Nilipomuuliza akasema hiyo haikuwa uwanjani siku ile, ilikuwa kwenye mgongo wa mtu.

Imana, Mungu wetu, akuongoze. Ukikiri sitakulaumu. Usipokiri, nauli ya Mama kuja Kibondo atatoa Isihaka, ameshasema.

Mdogo wako,
Tunu

Kibondo, 27 Aprili 2014

Mdogo wangu Tunu,

Bwana asifiwe sana. Hamjambo wote? Mwambie shemeji Mama alifika salama, na kwenye basi alimfokea konda kwa kuegemea mzigo wake. Yupo hapa, anakula, anasema muhogo wetu umechacha vibaya.

Niliwaambia wazee wa kanisa kwamba nikisema nilikwenda kwa mganga nitakuwa nimesema uongo mbele za Mungu, na kama vikombe vya kioo si dhambi basi wanisikilizie na habari ya Mama. Mchungaji akasema aje, tumsikie.

Mama alitoa pembe kwenye kanga, akakung'uta chumvi, akauliza nani anaumwa mgongo. Wakatazamana. Mzee Tharsisi akavua shati, kumbe ile ngoma yangu imemmaliza. Mama akatia nta shavuni, akabandika pembe, akavuta. Mchungaji, kwa upole tu, akamwuliza, "Mama, hapo unasema maneno gani?"

Mama akampungia mkono angoje. Mdomo uko kwenye pembe, shavu limejaa nta. Akavuta tena. Akaisukuma nta kwa ulimi, akaziba kitundu, akajifuta. Ndipo akajibu, "Maneno yangepita wapi?"

Tunu, mzee Tharsisi akaanza kucheka akiwa ameinama na pembe inacheza mgongoni, na wote wakacheka, na Mchungaji akauliza kwa nini hakuwaonyesha wazee wale. Mama akasema, "Hawakuniuliza. Wewe umeuliza."

Nimerudi kwenye ngoma. Bega halijafunguka lote, napiga kwa chini, mkono wa kushoto unasaidia. Inatosha.

Sasa Pasaka. Mchungaji alitangaza kwamba Mama yetu amerudishwa Mezani, lakini Mama masikio nayo si yale, na mazoea ni mazoea. Trei za mkate zilipoanza kutembea nikamwona kutoka kwenye ngoma: anakusanya kanga yake, anainuka. Nikaacha kupiga. Ghati alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Hakumsimamisha kwa maneno, alinyoosha miguu tu, akaziba njia.

"Nipishe, mwanangu."

"Unakwenda wapi, Mama? Mkate unakuja huku."

Mama akabaki amesimama. Akanitafuta kwa macho yale yasiyoona mbali. Nikapiga ngoma, mara moja, ajue nilipo. Akakaa.

Alikula mkate. Akapokea kile kikombe kidogo cha kioo tunachonywea, akanywa taratibu. Kilipokwisha hakukirudisha kwenye trei. Alikigeuza, akakibandika kwenye kiganja, akakitazama, halafu akamnong'oneza Ghati, na unajua Mama akinong'ona kanisa zima linasikia:

"Hiki kingefaa mgongo wa mtoto mchanga."

Dada yako,
Esteria