Bweremana au Kibua

Jumatatu, 18 Agosti

Nimepiga chapa tangu asubuhi. Fomu kumi na mbili, nakala tatu kila moja. Jina. Kijiji cha asili. Mahali mtoto anapolala. Bati linavuja juu ya meza yangu, fomu ya mwisho imelowa, nimeirudia.

Watoto kumi na wawili wa shule za serikali wamechaguliwa kwa madarasa mapya ya wenye vipaji. Esteri wetu ni wa kwanza. Miaka kumi. Maswali arobaini, hakukosa hata moja. Niliipitia karatasi yake mara tatu, nisije nikaambiwa nimempendelea mtoto wa marehemu dada yangu.

Kila familia ichague shule moja: Bweremana, kando ya ziwa, au Kibua, huko Walikale. Fomu irudi kwangu Ijumaa kabla ya saa tisa. Isiporudi, nafasi inamwendea mtoto anayefuata.

Nina furaha. Naiogopa.

Jumanne, 19 Agosti

Nyumbani ni vita. Mama yangu anataka Bweremana. Mabweni ya matofali, maabara, kompyuta za nguvu za jua. Baba yake Esteri anataka Kibua, anakolima. Darasa la mbao, lakini mwalimu wa hesabu wa huko anasifiwa hadi hapa Masisi. Alipiga simu, Mama akaiweka kwa sauti kubwa.

"Mutoto ni wa kwetu. Juu ya nini mumupeleke kwa samaki?"

"Na Kibua iko na nini, Papa Esteri? Mihogo na matope."

"Mihogo njo ilimulisha binti yako, Mama."

 Mama akanigeukia. "Na wewe, karani? Neno ni lako."

Ndivyo ilivyo katika ukoo wetu. Mama wa mtoto akifa, mjomba ndiye anayesema. Nikasema nitafikiri. Esteri alikuwa nyuma ya mlango, anasikia yote.

"Tonton, wapi kuko vitabu mingi?" aliniuliza mimi mjomba wake.



Jumatano, 20 Agosti

Njia ya Bweremana: Sake, Shasha, vizuizi. Njia ya Kibua: msitu, vizuizi. Kila kizuizi kina mtu anayesoma karatasi yako, na macho yake hukimbilia mstari mmoja tu, kijiji cha asili. Esteri ana asili ya Walikale kwa baba, ya Masisi kwa mama. Kila upande atakuwa wa upande mwingine.

Nimeandika Bweremana kwa penseli. Nimefuta. Nimeandika Kibua. Nimefuta. Karatasi imeanza kutoboka.

Alhamisi, 21 Agosti

Wamekuja. Watatu, wenye silaha, buti za mpira. Walisalimu vizuri. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Tunasikia muko na watoto ya akili kabisa," alisema mkubwa wao. "Sisi pia tuko na kazi ya hesabu."

Mkuu wangu alicheka kana kwamba ni mzaha. Wao nao wakacheka. "Liste haijaisha, mukubwa," mkuu akasema. "Familia bado zinachagua."

"Siku ya posho tunarudia." Jumamosi, keshokutwa.

Mmoja aliokota fomu mezani kwangu. Akasoma kwa sauti mahali mtoto anapolala. Alisoma vizuri, bila kukwama. Huyo amekaa darasani.

Haikuwa ya Esteri. Ya Esteri ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Niliisikia kila nilipovuta pumzi.

Walipoondoka nilimwomba mkuu tuifiche orodha.

"Ukiificha watachukua sisi. Piga chapa."

Ijumaa, 22 Agosti

Asubuhi Mama aliuliza. Nikamwambia nimetia sahihi, Bweremana. Alipiga kigelegele kimoja, kifupi, majirani wasisikie.

Fomu kumi na moja zimerudi. Ya kumi na mbili ilikuwa mfukoni mwangu, haina shule. Saa nane. Saa tisa.

"Ya mutoto wa kwenu?" mkuu aliuliza.

"Haikurudi."

 Akatia sahihi nafasi imwendee anayefuata.

Mtoto wa kumi na tatu ni msichana pia. Mama yake alikuwa uani tangu asubuhi, anangoja nafasi itokee. Alichagua Bweremana papo hapo, analia kwa shukrani. Hakuuliza nani ataisoma orodha. Sikumwambia. Nimeandika jina la binti yake, kijiji, mahali anapolala. Sikukosea hata herufi moja.

Mimi ni mwoga. Acha niliandike hilo.

Jumamosi, 23 Agosti

Wamechukua orodha. Niliwapa kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu.

Nyumbani nimesema mitihani imesahihishwa upya, makosa yameonekana. Mama amelia. Baba yake Esteri alisema kwenye simu kwamba wangemwandika Kibua mapema hayo yasingetokea.

Esteri aliuliza alikosa swali lipi. Nikasema sijui.

Jumatatu, 1 Septemba

Watoto wameondoka kwa magari mawili. Nilitazama kutoka dirishani. Yule mama wa mtoto wa kumi na tatu alileta ofisini duara zima la jibini. Wenzangu walikuwa wananitazama. Nilikula kipande changu.

Alhamisi, 11 Septemba

Habari zimefika. Wanane wako Bweremana, wanne Kibua. Wote wazima. Hakuna aliyeshushwa kizuizini. Wale watu hawajaonekana tena.

"Unaona?" mkuu alisema. "Ilikuwa vitisho tu."

Kila asubuhi ninauliza kama kuna habari mbaya. Leo nimegundua kwamba ninazitaka. Nimeweka kalamu chini. Nimeichukua tena.

Jumapili, 14 Septemba

Tumetoka kanisani. Mvua ndogo. Mama anamenya viazi.

Esteri ameniletea daftari. Ameandika mtihani mzima kutoka kichwani, maswali yote arobaini, na majibu yake chini. Darasani kwake wanakaa wanne kwenye dawati moja, mwalimu hana nafasi ya kumsahihishia.

"Tonton, wewe unajua. Unionyeshe penye nilikosa."

Nilichukua kalamu nyekundu. Nilisoma la kwanza mpaka la arobaini, polepole. Alisimama karibu yangu, mikono nyuma, anangoja.

Nilitia alama kwenye la kumi na saba.

"Hapa," nilisema.

Alishukuru. Alikaa kwenye kigoda, akachukua kifutio, akaanza kulifuta jibu.