Adapta ya Skrini ya Tatu

Mdogo wangu Waya,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na wanangu. Mimi sijambo, ila magoti yananihesabia kila ngazi ya ofisi.

Watu wengi hukosea wanapotaka kompyuta moja iwashe skrini tatu: huhesabu matundu nyuma yake, wakadhani kila tundu ni skrini moja. Unalijua hili kuliko mimi, lakini niache nilieleze, uone kama mwanafunzi ameelewa. Skrini haihitaji picha tu. Inahitaji pia mapigo ya kuifuata, kama mchezaji anavyohitaji mpiga ngoma. Kadi ya picha ya umri wa ile ya kompyuta yangu ya ofisini ina matundu manne, lakini wapiga ngoma wake wa kawaida ni wawili. Skrini mbili zitawaka. Ya tatu itakaa gizani mpaka uzime mojawapo. Dawa yake ni kuipitisha kwenye tundu la nne, kwa adapta, kile kiunganishi cha tundu na waya wa skrini, yenye mpiga ngoma wake ndani. Adapta ya bei rahisi ni mlango mtupu, haina mpiga ngoma.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu nastaafu mwisho wa mwezi. Mkuu wetu wa ofisi ya ramani aliniomba, kabla sijaondoka, nizifungie kompyuta nyingine tatu kuukuu skrini tatu tatu kama yangu: ramani ya zamani kushoto, mpya katikati, vipimo kulia. Karani wa masjala akanitania kwamba nikiachwa mwezi zaidi nitaigeuza ofisi duka la televisheni. Tukacheka. Kisha mpima ardhi akasema mimi ndiye niliyeweza palipomshinda fundi.

Fundi aliyemtaja ni wewe, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Unaikumbuka siku ile, miaka miwili iliyopita. Ulikuwa umenifungia skrini zote tatu zikawaka, na wiki iliyofuata ya tatu ikazima. Ulipokuja ulijipenyeza chini ya meza, ukatoka na vumbi kichwani, ukaniuliza kwa adabu mbele ya wenzangu: “Dada, adapta niliyokuletea ndiyo hii?”

Nami nikakujibu: “Usinifundishe meza yangu. Sema tu kazi imekushinda.”

Ulikusanya bisibisi zako, ukaondoka. Tangu hapo ofisi haikukuita tena, na kwa mama huji nikiwapo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Chako nimekingoja kitoe mshindo, hakikutoa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Sasa nikueleze nililokuficha. Adapta ile haikuwa yako. Yako niliichomoa mwenyewe kwa ajili ya projekta ya chumba cha mikutano, nikachomeka nyingine niliyoikuta kwenye droo, maana zilifanana kama mapacha. Ulipouliza sikujua kwamba kosa liko hapo. Lakini siku ya nne baada ya wewe kuondoka niliigusa ile ya projekta, nikaikuta ina joto kama kitu kinachofanya kazi, na swali lako likanirudia. Nikaibadilisha, skrini ya tatu ikawaka. Wenzangu wakanipigia makofi, nami nikayapokea. Kwa miaka miwili nimeishi na makofi yaliyostahili kuwa yako.

Leo asubuhi nimewasimulia wote, nikiwa nimesimama. Mkuu akasema kompyuta zile tatu zina fundi wake, ambaye ni wewe, na kwamba anakungoja Jumatatu ukikubali. Kukubali au kukataa ni haki yako, sitakulaumu.

Nisalimie wifi, na wanangu wabusu vichwani. Mama anakusalimu, naye nimemwambia.

Niliyekuvunjia heshima mbele ya watu sistahili kukuomba radhi pembeni. Siku utakayoipata, kabla hujafunga karakana, isome barua hii kwa sauti mbele ya mafundi wako.

Dada yako mkubwa