Mate ya Baraka kwenye Beji ya Wambui

Baba Wambui,

Zikufikie salamu za huku ugenini Mount Dennis, kwanza zangu mimi mkeo, mzima isipokuwa lile goti la kushoto. Mwanao Kamau anakusalimu, bado anaendesha lori na bado hapendi kunyoa. Mkewe Ruth anakusalimu. Hukumkuta, lakini anapika chapati kama amezaliwa kwetu. Mtoto wao Mwangi, huyo tuliyempa jina lako, anakusalimu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anasikia lakini hajibu. Nikimkaripia, "wewe Mwangi!", naona kama nimekugombeza wewe. Na Wambui wako, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Marekani, anakusalimu sana sana. Ni yeye amefanya nikuandikie. Nimejaa habari.

Baba, msichana wetu ni askari!

Ameajiriwa kwa ofisi ya sherifu, kaunti ya mashambani, mahindi na ng'ombe tupu. Sherifu ni kama OCS, yule mkuu wa kituo cha polisi kule nyumbani, lakini huyu hupigiwa kura kama mbunge. Mwaka mzima nilikataa. Nilimwambia, "Wewe na bunduki wapi na wapi? Si ulikuwa unaogopa kuku?" Naye akasema, "Mum, bila baraka yako siapi." Tukakaa hivyo, yeye anangoja, mimi naomba Mungu wamkatae.

Siku ya kiapo akaniita nikajionee mwenyewe ndipo niamue. Kamau akanipeleka. Kabla ya sherehe Wambui akanizungusha ofisi yote. Mimi nilidhani polisi ni kushika watu tu. Wacha! Kuna jela hapo nyuma, na wafungwa wanakula viazi vya moto. Kuna askari wa kulinda mahakama. Kuna mzee mmoja kazi yake ni kupeleka barua za korti, hata zile za kufukuza watu kwa nyumba. Huyo nilimsalimia haraka nikapita. Kuna mbwa ana cheo. Nakuambia, cheo! Kuna mashua ya ziwani na pikipiki za kwenda juu ya theluji kutafuta waliopotea. Halafu kuna kitengo cha doria, ndicho cha Wambui: askari mmoja, gari moja, barabara ndefu isiyo na jirani. Hapo nikataka kumshika mkono turudi nyumbani.

Tukaingia chumba cha simu. Mama mmoja mnene, mwenye visikizi masikioni, anaongea na mtu taratibu: ameamkaje, amekula nini, paka yuko wapi. Nikauliza, huyo anayeongea naye ni dada yake? Wambui akasema hapana, ni wazee wanaoishi peke yao, ofisi huwapigia kila asubuhi. Asiyeshika simu, askari wa doria anaenda kumgongea mlango.

Baba Wambui, nilishika ukuta.

Wewe ulianguka jikoni asubuhi, mimi niko kazini nafagia maofisi ya watu. Simu ikalia, ikalia, Wambui anapiga kutoka huko kwake. Hakuna aliyegonga mlango wetu mpaka jioni nilipofungua mimi... Nikamtazama mtoto, kumbe naye alikuwa ananitazama. Ndiyo sababu yake ya kuutaka uaskari. Mwaka mzima hakuisema, asinichome moyo. Nikamwambia, "Twende ukaape."

Huko, kila askari mpya huvalishwa beji na mtu wa kwao. Ungekuwa ni wewe. Nikaitwa mimi. Wambui akainama, nikaibandika, ikakaa upande. Halafu sikufikiri hata, nikamtemea mate kifuani, kama mama yako alivyotutemea siku tunaondoka nyumbani. Yakaanguka juu ya beji yote! Kamau nyuma yangu, "Aki Mum, hapa ni Amerika!" Sherifu, jitu la masharubu, akatoa leso apanguse. Wambui akafunika beji kwa kiganja, akamwambia, "Hapana, bwana. Hiyo ni baraka. Itakauka yenyewe." Yule mtu akarudisha leso mfukoni, akavua kofia. Mimi nikapiga vigelegele mpaka mama mmoja akaja mbio na maji, akidhani nimeumia.

Ungecheka wewe. Ungecheka ukohoe.

Sasa sikiliza. Mimi nimetema sehemu yangu, lakini ya baba bado, na Jumatatu anaingia barabarani peke yake. Nakuahidi sitamlilia aache kazi. Nikiogopa nitaogopa kimya, na mbele yake nitauliza tu kama amekula. Lakini usiniachie peke yangu jambo hili. Usije kwangu, nenda kwake, ndotoni au vyovyote mnavyofanya huko. Nyumba yao ni nyeupe, mwisho wa barabara ya changarawe.

Pumzika, mume wangu, Mungu akulaze vizuri. Na ukishamtemea nijulishe upesi, Baba Wambui, usingoje Jumatatu ifike.

Mimi wako,
Mama Wambui