Nimemfuta Thembo Mwingine

Mpendwa Senga Proscovia, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, maana nina studio ya video hapa Bwera na watu wananiamini na sherehe zao, na mimi sihangaiki na kipanya kama watoto wa shule, nafungua lile dirisha jeusi na kuandika amri, mteja akiona anajua amefika kwa fundi. Sasa Senga unajua sisi Wakonzo majina tunapewa kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo akina Thembo wamejaa, wa kwanza kuja kwangu folda yake niliiita Thembo, basi, na wa pili nikaiita Thembo Hamukungu kwa sababu ametoka kule ziwani. Huyu wa Hamukungu alishachukua video yake, nikataka kuifuta nipate nafasi, nikaandika rm -rf Thembo Hamukungu, nikabonyeza, mashine ikanyamaza kimya, nikafurahi. Kumbe ya Hamukungu ipo palepale, iliyopotea ni ya Thembo wa kwanza, ambaye anaoa Jumamosi, na humo ndimo alimokuwa baba wa bibi harusi Sophie, mzee aliyevuka mpaka kutoka Butembo, Kongo, siku familia zilipotambulishana, akambariki binti yake, akarudi, akafariki. Jana Sophie alipita studio akaniambia, "Ndugu Syahuka, miye sitaki maua mingi. Nataka tu sauti ya papa isikike mu kanisa, hata kidogo." Nikamjibu video iko karibu kuisha. Naendelea kuhariri sherehe nyingine kwenye kompyuta ileile ili mtu asishuku. Senga, nikisema ni kirusi kimekula, nitakuwa nimekosea sana, na mbona kompyuta ina roho mbaya hivi?

Syahuka, Bwera

Syahuka, zima hiyo kompyuta kwanza, halafu urudi kusoma.

Umezima? Sasa tugombane. Kompyuta haina roho mbaya, ina utii, kama askari anayejibu "ndiyo, afande" hata afande akiwa amelewa. Usidhani kwa kuwa mimi ni senga, shangazi wa kushauri, najua mambo ya ndoa tu. Kipindi changu cha redio hapa Kasese nakihariri mwenyewe, kwa amri hizohizo unazojivunia. Neno la kwanza, rm, ni kazi yenyewe, yaani futa. Lenye kistari mbele ni namna ya kuifanya. Yanayobaki ni vitu vya kufanyiwa kazi, na kila nafasi unayoacha inatenga kitu kimoja na kingine. Wewe ulimwona mtu mmoja, Thembo wa Hamukungu. Mashine iliona folda mbili: Thembo ikaifuta, Hamukungu ikaitafuta ikaikosa. Ungeyafunga majina yote mawili ndani ya alama za kunukuu, ingejua ni folda moja.

Na hata hapo ingekuambia kwamba Hamukungu haipo, ila uliiwekea ile f, yaani fanya kwa nguvu, usiulize, usilalamike. Naona maswali ya mashine yalikuwa yanakushushia heshima mbele ya wateja. Haya, heshima imebaki.

Pole, nasema kwa moyo, maana najua unaogopa. Lakini kilichofutwa mara nyingi hakijateketea. Kinachoondoka ni jina, na sauti ya mzee inaweza kuwa bado imo kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Wewe umekaa unamwagia sherehe za wengine juu ya marehemu ili mtu asishuku, na hilo limenikasirisha kuliko ile amri.

Diski itolewe, usijaribu chochote mwenyewe, umpelekee fundi wa kurejesha mafaili hapa Kasese. Lakini kabla hujapanda gari, nenda kwa Sophie na Thembo leo. Kirusi usikitaje. Sema: nimefuta mimi. Watakukasirikia, na wana haki. Siku ile ndugu walijaa, na mtu fulani lazima aliinua simu akarekodi mzee alipokuwa anabariki. Wewe huwajui, Sophie anawajua wote, huku na Butembo. Tangu jana angekuwa anawapigia mmojammoja, na hapigi, kwa sababu umemwambia video iko karibu kuisha.